Chupi kwenye Tundu la Hewa

Aslaug, uko macho? Nimenusurika kufa, shoga yangu, ila aibu sijanusurika.

Jana upepo uliingia kwenye karavani, hiki kijumba changu cha magurudumu, kwa lile tundu la hewa la darini. Nikajifanya fundi, nikaliziba kwa chupi ya sufu. Nikawasha hita ya gesi, nikalala kama mkate kwenye oveni.

Asubuhi kichwa kinagonga, kengele ya hewa ya sumu inalia. Nikaigombeza: "Nyamaza, nakunywa kahawa." Nikachomoa betri. Mimi, na akili zangu, nikachomoa betri.

Jirani yangu Torleif aliisikia ikilia, kisha ikanyamaza ghafla. Akaja mbio, akanitoa nje kwenye theluji nikiwa na soksi tu, akazima hita. Halafu akapanda juu ya paa, akaivuta ile chupi, kambi nzima inatazama.

"Bibi Borghild, hii ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu."

"Mbona ina maua?"

"Alikuwa na mambo yake."

Watu wakaangua kicheko. Torleif hakucheka. Akanishika mkono, akasema polepole, "Mama, ningekawia kidogo tu, tungekubeba maiti."

Sasa niko kwake. Tundu lake liko wazi, baridi inanitafuna, na sijathubutu kulalamika.