Karachi na Delhi Wamenuniana Tena

Mpendwa Baba,

Magazeti yameanza tena. Lile la Fundi Gulam linasema Delhi inataka kufunga maji ya mito ili mashamba ya jirani yakauke. Lile la Kalasinga linasema Karachi hupiga ngoma ya vita kila inapokosa la kuwaambia watu wake. Bado wananiletea, nami nimeyasoma yote mawili Jumamosi hii. Nilipomaliza la kwanza nikainua kichwa, nikangoja uulize, "Na mwenzake anasemaje?" Kisha nikakumbuka, nikafungua la pili bila kuulizwa.

Wengine watakaoisoma barua hii hawakukujua, kwa hiyo niwaambie kwamba ulikuwa msaidizi wa fundi katika karakana ya reli hapa Nakuru, na kwamba homa ya mapafu ilikuchukua wakati wa mvua ndefu. Nyumba ya reli huenda na kazi. Mwenye kazi akiondoka, jamaa yake nao hutoka. Baba Mdogo Ezekieli alikuja kutoka Maragoli kutuhamisha. Mama na wadogo zangu walikuwa warudi nyumbani, hilo halikuwa na ubishi. Kuhusu mimi alisema siku ile ile aliyofika, hata chai hajainywa, "Rasoa naye amesoma vya kutosha." Mimi nilikuwa nimebakiza mtihani wa darasa la nane. Kabla ya kuhama nilikuwa na wiki chache za kutafuta namna ya kumwambia mzee kwamba sitaki, na wewe unajua mimi hata mwenye duka hushindwa kumwambia kwamba nimetangulia kufika.

Nitakueleza ilivyokwisha. Lakini kwanza nataka kukumbuka na wewe kidogo, maana nikianza kukumbuka na Mama huwa analia, na wadogo zangu wameanza kusahau.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi jioni, unavua buti mlangoni, na kabla ya maji ya kuoga Mama anauliza, "Leo wamesemezana?" Unatikisa kichwa. Fundi Gulam na Kalasinga walizaliwa Punjab, vijiji vyao havikuwa mbali, na lugha yao ya nyumbani ni moja. Nchi ilipogawanywa, ndugu za Kalasinga wakakimbilia India na ndugu za Gulam wakakimbilia Pakistani, na huenda walipishana njiani. Hapa Nakuru wao wawili wakaendelea kukaza nati za injini moja. Ulisema miaka ya kwanza walikula pamoja mchana. Kisha kila mmoja akaanza kuletewa magazeti ya kwao kwa meli, yamekunjamana na habari zimeshapoa, ila maoni ya wahariri hayapoi. Kila mhariri alijua vizuri serikali ya jirani inawaza nini moyoni. Wakaacha kusemezana, na wewe ukasimama katikati.

Ulikuwa ukituigizia, Baba. Kalasinga yuko chini ya injini, sauti inatoka kwenye magurudumu.

"Zakaria, ambia yeye shika hii mpaka mimi nasema basi."

Gulam yuko hapo hapo, mkono wake karibu uguse kilemba cha mwenzake. "Zakaria, ambia yeye mimi nashika tangu asubuhi."

"Anasema ameshika," ulisema.

"Mimi nasikia. Mimi si kiziwi."

"Basi kama unasikia, bwana, mimi nalipwa kwa kazi gani?"

Mama alicheka mpaka akauweka mwiko chini. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nikiwaza lugha yao ile moja, imekaa tu bila kazi, na wao wanahangaika na Kiswahili ili wasiitumie.

Walipojua una binti anayesoma Kiingereza, kila mmoja akaanza kukupa gazeti lake likishasomwa. "Peleka kwa msichana," Gulam alikwambia, "apate kujua ukweli." Kalasinga naye akakwambia vivyo hivyo, ukweli huo huo, kutoka upande wa pili. Wewe ulifurahi kwa sababu nyingine. Vumbi la ziwa lilikuwa likipenya kwenye ule ukuta wa mbao unaogawa chumba, na ulikuwa umetafuta karatasi siku nyingi. Jumapili moja baada ya kanisa Mama akapika uji mzito, nasi tukayabandika, wewe juu, mimi chini. Ulikata kingo zilizochanika kwa kisu. Ulipomaliza ukaketi kwenye kigoda, ukasema, "Haya, Rasoa. Huyu mwenye gazeti anasema nini?"

Nikaanza kukusomea kwa Kiswahili, nikifuata mstari kwa kidole. Mhariri alisema serikali yao haijawahi kukataa kuzungumza na jirani. Alisema mkono wa amani umenyooshwa mara nyingi. Halafu, kidole changu kikisonga mbele, akasema kwamba mtu anayekaa juu ya mto na kufunga maji hawezi kudai kuwa ni jirani mwema, na kwamba wakulima wa chini wana haki ya kuuliza. Ulisimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Huyu ana akili," ulisema. "Amejisema vizuri, halafu amesimama mahali pa mwenzake akamsemea pia. Huyu ndiye wa kusikilizwa."

Asubuhi ukaenda na maneno hayo kazini. Wakati wa chai ukawaeleza wote wawili kwamba kuna mhariri mmoja mwenye haki, na ukawasomea kwa kichwa, maana wewe ulikuwa ukisikia jambo mara moja huliachi. Gulam akaitikia ile sehemu ya maji, akakunja uso kwa ile ya mkono wa amani. Kalasinga akafanya kinyume chake. Ulipofika mwisho walikuwa wote wamekukasirikia.

"Hiyo si gazeti yangu," Gulam alisema.

"Yangu pia hapana. Nani anaandika maneno kama hiyo?"

"Zakaria, wewe nasoma gazeti gani?"

"Lenu," ulisema. "Liko ukutani kwangu."

Hapo, Baba, wakageukiana. Ulisema hawakujua kwamba wamegeukiana. Kalasinga akamwambia Gulam, kwa Kipunjabi, maneno marefu, na mkono unakuonyesha wewe. Gulam akajibu kwa marefu zaidi. Wakabishana mpaka king'ora kikalia, na hakuna aliyekutuma neno.

Jioni hiyo tulikwenda ukutani na taa, tukaona. Ulikuwa umekata ukingo wa gazeti moja katikati ya sentensi na kulisogeza lingine likagusana nalo, herufi zao zinafanana, nami nikavuka kutoka Delhi hadi Karachi bila kujua kuna mpaka. Niliona haya. Nilidhani utanikemea kwa kukuaibisha mbele ya mafundi. Wewe uliketi tena kwenye kigoda, ukacheka kimya kimya mabega yakitikisika, ukasema, "Basi huyo mtu mwenye haki hayupo." Baada ya kitambo ukaongeza, "Ni hasara. Nilikuwa nimeanza kumpenda."

Hawakurudi kuwa marafiki. Nasema hivyo kwa sababu katika kanisa letu mtu akisimulia jambo kama hili watu hungoja mwisho mwema. Waligombana, lakini wakawa wanagombana wenyewe, uso kwa uso, kwa lugha yao, na kazi ikaenda. "Afadhali," ulisema. "Mdomo wangu ulikuwa umechoka." Na siku ya mazishi yako walisimama mbali mbali, huyu karibu na lango na huyu karibu na mti, na wote wawili walibaki mpaka udongo ulipokwisha kurudishwa.

Sasa nikueleze habari ya Baba Mdogo.

Ulipata kuniambia kwamba Babu, akiamua kesi za mipaka ya mashamba, hakumruhusu mtu kujibu mpaka arudie kwanza maneno ya mwenzake, na mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Nililala na jambo hilo siku nyingi. Juzi, tulipokuwa tukifunga vyombo, Baba Mdogo akasema tena kwamba nimesoma vya kutosha. Nikakaa chini.

"Baba Mdogo," nikasema, "unasema nimesoma kuliko wasichana wote wa ukoo wetu. Unasema Mama atakuwa peke yake na watoto na shamba limekaa bila mtu. Unasema msichana asiye na baba mjini huharibika, na watu watakulaumu wewe. Ndivyo unavyosema?"

Akaacha kufunga kamba. "Ndivyo."

"Hakuna nililoacha?"

Alitikisa kichwa. Kisha akamtazama Mama. "Shemeji, umesikia huyu? Huyu ni babu yake anaongea."

"Mwache amalize," Mama akasema. Yeye naye alikuwa amekaa chini.

Nikasema yangu. Yalikuwa mafupi, Baba, nilidhani nina mengi. Nilisema mtihani ni mmoja, ukipita haurudi. Nilisema Mama Rebeka wa kanisani ana kitanda na atanichunga kama wake. Nilisema mimi ndiye uliyekuwa ukiniuliza magazeti yanasema nini, na bado sijui vizuri. Nikaishia hapo.

Baba Mdogo akakaza fundo la kamba kwa goti. "Mtihani ukiisha tutazungumza tena," akasema. "Na wewe utarudia maneno yangu, nami nitarudia yako. Tutaona."

Basi nimebaki.

Jana niliwasindikiza stesheni. Wadogo zangu waligombania dirisha. Mama hakuniambia kitu chochote cha maana. Alinifunga kitambaa kichwani upya, akasema nisikae kwenye baridi. Treni ya Kisumu ilipoondoka nilitembea nayo kidogo, kisha nikasimama. Nilitaka kubaki, na sikujua kwamba kubaki kuna ukimya namna hii. Kwa Mama Rebeka watu ni wema, lakini hawaulizi. Nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, na maneno yanaingia na kukaa humo humo. Zamani kila sentensi ilipita kwako kwanza kwa Kiswahili, na ilipofika upande wa pili nilikuwa nimeielewa.

Mhariri mmoja wiki hii, sitasema wa upande gani, anaandika kwamba mataifa mawili yakishaachana, kila moja hupumzika upande wake. Nimemsoma mara mbili kwa haki, nikajaribu kusimama mahali pake kama ulivyonifundisha. Nadhani ni mtu msomi sana. Nadhani pia hajapata kusimama stesheni baada ya treni kuondoka.

Pumzika kwa amani, Baba. Nitafanya mtihani.

Ni mimi binti yako,
Rasoa