Alichookota Tajeu

Jumanne, 4 Machi 2025

Leo damu imemwagika saitini, na haikuwa ajali.

Asubuhi niliwafundisha vibarua wapya, hapa juu ya Nkoaranga tunapolaza bomba la maji. Kazi yetu ni kupiga picha maungio ya chuma kwa mionzi, tuone kama yameshika. Mimi ndiye afisa usalama. Nikawaambia: kaa karibu muda mfupi tu, simama mbali, weka kinga nzito katikati. Chanzo chenyewe ni kidogo kama punje ya mchele, kiko mwishoni mwa waya. Hakinuki. Hakichomi ukikishika — kinachoma baadaye. Ukikiona chini usiokote. Kimbia, niite.

Tajeu, baba wa watoto watatu kutoka Sombetini, akauliza: Dada Violet, kinafananaje? Swali zuri! Nikafungua faili nimwonyeshe picha. Bosi Ndesanjo akalifunga mikononi mwangu. Shule imekwisha, mabomba yanasubiri.

Nikasema nitaonyesha kesho.

Halafu Sadoki, fundi wetu wa picha, akagoma. Kipima mionzi kimekufa tangu Jumamosi, hafanyi kazi kama kipofu. Ndesanjo akavua helmeti, akampiga nayo mdomoni. Mara mbili. Jino likaanguka kwenye udongo. Sadoki akaliokota, akalifunga kwenye leso, akashuka njia ya migombani bila kugeuka.

"Mionzi, mionzi! Miaka kumi na mbili niko kazini, mbona nazaa?" Ndesanjo akamfokea.

Vibarua wakacheka kidogo, kwa woga. Naandika hapa kwa sababu pale nilinyamaza.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda mjini nikitengeneza kipima. Kimepona. Nimempigia Elieza, kibarua mkongwe wa saitini: je, kazi imesimama? Haikusimama. Bosi amepiga picha mwenyewe, bila kipima, bila kamba ya kuzuia watu.

Kesho asubuhi napanda saitini na kipima.

Alhamisi, 6 Machi, asubuhi

Kasha la kutunzia chanzo liko kimya. Nimelisogezea kipima — hakuna kitu. Kasha lenye chanzo halinyamazi hivi. Ni tupu! Chanzo kimekatika kwenye waya jana, kikadondoka, na hakuna aliyejua.

Tajeu hayupo. Elieza anasema jana jioni alikuwa anatapika. Tangu mchana alikuwa na kitu kinachong'aa mfuko wa nyuma wa suruali, alidhani ni kipande cha mkufu. Angempelekea mkewe.

Nikatoa simu kuwaita watu wa mionzi wa serikali. Ndesanjo akaninyonga mkono, akaipasua simu kwenye bomba. Unataka kunifunga jela? Nikamng'ata hadi nikaonja damu. Akanipiga kofi nikaona nyota, akaruka kwenye pikapu yake, akaondoka.

Nimepiga kwa simu ya Elieza, na ameniachia niende nayo. Wanakuja. Wamesema: tawanya watu, usimruhusu yeyote akishike. Bodaboda inaningoja barabarani, naenda kwa Tajeu.

Alhamisi hiyohiyo, saa nane na nusu mchana, Sombetini

Nisipoandika nitapiga mayowe.

Ndesanjo alinitangulia. Aliwaambia majirani Tajeu ni mwizi, kaiba mali ya kampuni. Mwizi! Hapa neno hilo halihitaji shahidi. Nilipofika walikuwa wameshamtoa nje. Fimbo, matofali, mateke. Mkewe, Naipanoi, amemlalia mumewe kifuani na wanamvuta kwa nywele. Kipima kikaanza kulia tangu kona ya kwanza. Kila hatua, kelele zaidi.

Nikaita: mionzi! tokeni! Hakuna aliyegeuka. Nani ataogopa asichokiona?

Nikaokota mawe.

Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu. Nilimpiga mwanamume mmoja mgongoni. Nilimpiga mama mmoja sikioni, akalia. Wakanigeukia wote — na hicho ndicho nilichotaka. Nikakimbia nao wakinifuata, mbali na Tajeu, mbali na chanzo. Kila hatua waliyonifukuza iliwaokoa. Tofali likanipata begani, nikaanguka karibu na nyumba ya mjumbe wa mtaa, mama Nalepo. Akatoka, akasimama juu yangu. Anayemgusa huyu binti aanze na mimi!

Nikawaeleza nikiwa chini. Kichefuchefu. Ngozi inayooza. Kwamba walisimama karibu nacho dakika nzima wakipiga. Yule mama wa sikio akaanza kutazama viganja vyake.

Mama Nalepo akanisaidia kumburuta Tajeu kwenye mkeka hadi nyuma ya ukuta wa nyumba yake, hapa ninapoandikia. Amevunjika mkono, jicho halionekani. Nyuma ya paja ana doa jekundu, pana kama sahani, na hilo si la fimbo. Nikamsogezea kipima. Sauti ndogo! Hana chanzo!

"Suruali yake iko wapi?" nikamuuliza Naipanoi.

"Bosi wenu amemvua mlipokuwa mnakimbizana," akasema. "Ameondoka nayo."

Hakufika mbali. Baada ya kunisikia, watu wamelitoboa gurudumu la pikapu. Amejifungia ndani, madirisha juu, suruali mapajani. Namwona akipekua mifuko kwa vidole vitupu. Nipo hatua sitini. Nimemwita: itupe nje, bosi, kimbia! Anatikisa kichwa. Anawaogopa wao, hakiogopi kilicho mapajani mwake.

Nao sasa wamenielewa vizuri kupita kiasi. Wanakusanya mawe. Nimechora mstari wa chokaa barabarani, nikawaambia asivuke mtu. Wanarusha wakiwa hapohapo. Kioo cha mbele kimepasuka. Mama Nalepo anawashika mikono, mmoja mmoja.

Watu wa serikali wamepiga: bado wako Sakina, wamekwama kwenye foleni ya magari.

Ndesanjo amekishika. Anakiinua kwenye mwanga, anakitazama.

Naipanoi ameinuka. Ana panga. Amevuka mstari. Namwita — mama, rudi, una watoto! — hageuki. Hatua hamsini. Arobaini. Kipima ninacho mimi. Naweka kalamu chini, namkimbilia.