Tozo kwa Kila Kilomita

Jumanne, usiku

Yeyote utakayelishika daftari hili, nakuomba, hata neno moja lisimfikie kaka Masanja.

Ofisini tuliombwa maoni: vyombo vya usafiri vya umeme vikizidi, tozo ya mafuta inayotengeneza barabara itafidiwa na nini? Nikaandika wenye vyombo hivyo walipe kwa kila kilomita. Kwa mfano nikaweka bajaji ya umeme inayokwenda kijiji cha Ngulyati na kurudi. Kwenye njia ile bajaji ya umeme ipo moja tu, ya kaka. Aliinunua kwa kuuza ng'ombe wa mahari yangu, waliokuwa wa kumwolea yeye mke.

Bosi akafurahi. "Safi sana, binti! Dereva huyo tumwite, tuanze naye majaribio."

Jioni kaka akanipitia akicheka. "Mwadila, mayu, mama yangu! Panda. Wenzangu wanalia sheli, mimi nalala nachaji."

Nikapanda. Nilitaka kumwambia, lakini…

Wazo lenyewe ni la haki. Barabara haijitengenezi. Ila kwa nini aanze yeye?

Naogopa.

Kaka, kama ni wewe unayesoma, usije ofisini kwa hasira. Jumapili nisubiri nyuma ya kanisa, ibada ikiisha, nikueleze mwenyewe. Njoo peke yako.