Kiti cha Kushoto

Pomona, California
Jumapili, baada ya misa

Kwa kaka yangu Evaristo,

Salamu zikufikie huko Yokosuka, Japani, wewe na wenzako wa melini. Natumaini kile kikohozi ulichomwambia Mama kimekuacha, na kwamba unakula, maana Mama bado haamini kuwa mtu anaweza kushiba kwa wali na samaki. Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mama anakusalimu sana. Leo amepika tamale zake za unga wa mahindi, za jibini na pilipili, na kila akifunua sufuria anauliza hizi za Evaristo zitaliwa na nani. Mlimau umezaa mpaka majirani wameanza kutukimbia. Shuleni naendelea, bado nasoma nusu ya masomo kwa Kiingereza na nusu kwa Kihispania, na bado sinyooshi mkono kwa lugha yoyote kati ya hizo.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu unanijua kwenye simu: maneno hunikauka, ukadhani nimekata. Tena nimechagua Kihispania chetu cha nyumbani. Kiingereza changu kimezoea kujitetea mbele ya walimu, na katika barua hii sina cha kujitetea.

Ujumbe wako ulikuwa na mambo mawili. Kwanza, ulitaka nimuulize Baba kama gari lako, likishushwa bandarini Long Beach, litapata pa kulala katika gereji yetu. Na ingawa hukuandika hivyo, nilielewa unauliza pia kama wewe mwenyewe, ukipewa likizo, utapata mlango wa kugonga. Pili, ulikuwa na hasira. Umeiona ile video ya Baba, wenzako wameicheka chumba kizima, na ukasema mzee aliyekuita mhuni kwa ajili ya magari sasa ndiye mhuni mwenyewe. Ukaniambia, "Usije ukamtetea huyo."

Nimejaribu kumuuliza, kaka. Nilisimama mlangoni mwa gereji na swali lako limekaa ulimini tayari. Baba akaniomba kitambaa. Nikampa kitambaa, nikaondoka. Siku nyingine nilifika mpaka kwenye tairi la nyuma. Akaniuliza mbona nanyemelea kama paka aliyevunja chungu, nikasema natafuta ufagio.

Unajua mwenyewe kwa nini ni vigumu. Siku ile ulipokuja likizo ukamwonyesha kwenye simu picha ya hilo gari lako la Kijapani, Skyline, mlianza vizuri. Ulimweleza kwamba umeshalinunua, unangoja tu litimize miaka ishirini na mitano, maana serikali ya huku hailiruhusu kuingia likiwa na umri mdogo kuliko huo. Baba akaitazama picha kwa mbali, akasema hilo ni cherehani, akauliza linashona suruali au mapazia. Ukamwambia cherehani hilo lingemwacha tembo wake wa silinda nane kwenye taa za barabarani, bado anatafuta mkonga. Mpaka hapo tulikuwa tunacheka wote, hata Don Lalo aliyekuja kuazima jeki. Kisha Baba akasema katika gereji yake halali gari ambalo halikuzaliwa nchi hii. Nawe ukamjibu, "Basi na wewe Baba tandika nje, maana hukuzaliwa hapa."

Hukuona alichofanya baadaye, ulikuwa umeshageuka. Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kana kwamba grisi ilikuwa kwenye lile neno. Tangu hapo, simu yako ikilia, huitazama kama mtu aliyejibanza chini ya paa akitazama mvua. Anangoja iishe.

Sasa nikuambie habari za ile video.

Ilikuwa Jumapili ya mkutano wa magari, pale pale nyuma ya duka la viatu lililofungwa. Wazee walipanga magari yao upande wa ukuta, maboneti wazi, viti vya kukunja nyuma, kahawa kwenye chupa. Vijana walikuwa upande wa pili na magari yao ya Kijapani, yale yaliyolala chini kama mjusi. Rafiki yako Danny Quach alikuwepo, na anakusalimu. Alikuja kwenye safu yetu akamwuliza Baba kama hiyo Chevelle yake, yule tembo wa silinda nane, inakunywa petroli au inaogea. Baba akamjibu kwamba mtoto asiyejua kurekebisha injini bila kompyuta asizungumze na watu wazima. Kidogo wakapita vijana wadogo wa rika langu, wakalitazama gari la Danny kwa heshima ile ya kutazamia makaburi, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba mjomba wake alikuwa na la namna hiyo hiyo zamani. Danny ana miaka ishirini na sita. Alisimama pale mdomo wazi. Baba alicheka mpaka akashika kiuno, akamvutia kiti, akamwambia, "Kaa, mwanangu. Karibu uzeeni. Kahawa ni bure."

Nilifurahi, kaka. Nilidhani siku hiyo ndiyo ningekuulizia.

Tulipokuwa tunaondoka, mimi nikiwa kiti cha abiria, Baba akasimama mlangoni mwa maegesho kungoja nafasi barabarani. Watu walikuwa wamejipanga kama kawaida kutazama magari yanavyotoka, simu mkononi, wakitumaini mtu atafanya ujinga. Ghafla gari likaruka. Matairi yakalia, moshi ukajaa, mkia ukaenda kulia ukarudi kushoto, na mwanamke aliyekuwa na kigari cha mtoto akakivuta nyuma nasi tukapita. Kwenye video humwoni. Aliyepiga alikuwa anafuata moshi.

Vijana walishangilia. Kesho yake walikuwa wameshampa jina, Babu Moshi, na watu wasiomjua wakawa wanaandika kwamba hao ndio wanaume, wa sasa wamebaki na kompyuta. Lakini Don Lalo, ambaye ndiye anayesimamia mkutano, alikuja nyumbani akiwa amevaa shati la kanisani. Hakukaa. Alisema, "Fermín, miaka yote tunawaambia watoto wa watu wasichome matairi pale kwa kuyazungusha kwa kasi, la sivyo polisi watatufukuza. Na wewe ndiye unafanya? Na binti yako ndani?" Baba akasema damu ilimchemka, akaona awaonyeshe watoto kazi. Don Lalo akamwambia asionekane pale msimu mzima. Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei anayoimudu, akasema ni haki. Mama hakusema naye mpaka siku ya tatu.

Hivyo ndivyo kila mtu anavyojua, nawe pia. Lililobaki nalijua mimi peke yangu, na limenikaa kifuani mpaka nikila naona halishuki.

Baba hakuchoma matairi. Mguu wake wa kushoto hausikii.

Ni ile sukari, kaka. Mama anajua sukari imepanda, lakini hajui kwamba imeshateremka miguuni. Pale mlangoni mwa maegesho, kabla gari halijaruka, Baba aliniuliza kwa sauti ndogo nimtazamie kama mguu wake uko juu ya klachi. Nilidhani ni utani. Nikamwambia, "Si mguu wako, Baba?" Akachungulia chini mwenyewe, na hapo hapo mguu ukateleza, na ule wa kulia ulikuwa tayari kwenye mafuta. Tulipofika mtaa wa pili alisimamisha gari chini ya daraja, akazima injini. Nikamwambia turudi tukawaeleze, nikamwambia yule mama wa kigari anastahili kuelezwa. Akasema, "Wakisema mimi mhuni, mwakani watanisamehe. Wakijua mguu umekufa, watanihurumia leo hii, na huruma haina mwakani."

Niambie wewe, kaka, ungemjibu nini?

Tangu siku hiyo hajaendesha. Lakini mtaa mzima umezoea kuisikia Chevelle kila Jumapili baada ya misa, na kwa hiyo inasikika. Mimi ndiye ninayeiwasha. Baba huketi kwenye kile kiti cha jikoni, karibu na mlango wa gereji tulioushusha nusu, nami huingia nyuma ya usukani na leseni yangu ya kujifunzia mfukoni, kana kwamba kuna polisi atakayeiomba mle ndani. "Kanyaga kidogo," ananiambia. "Achia. Sasa kanyaga kama una hasira." Mimi sijui kukanyaga kwa hasira. Yeye hufumba macho akasikiliza, huku mkono wake wa kulia unabadilisha gia hewani. Doña Socorro wa jirani akinikuta nje huniambia baba yako leo kaenda kasi. Naitikia. Kila ninapoitikia naona nimeweka tofali jingine kwenye ukuta ambao siwezi kuubomoa peke yangu.

Unaukumbuka mkono wake wa kushoto? Ule ulioungua jua kwa miaka yote ya kuegemea dirishani, hata Mama akawa anasema ameolewa na wanaume wawili, mmoja mweusi kushoto na mmoja mweupe kulia. Sasa mikono yote miwili inafanana rangi. Niliona juzi alipokuwa anaosha vyombo, nikaenda chooni nikafungua bomba la maji ili wasinisikie nikilia.

Wiki iliyopita nilipiga deki jikoni nikaona alama nyekundu kwenye vigae, moja kila hatua mbili, kuanzia gereji mpaka kwenye jokofu. Baba alikuwa amekaa anakula chungwa. Nikamwomba anipe buti la kushoto. Skrubu ilikuwa imepenya soli yote, kichwa chake kimesagika kwa kutembelewa. Soksi ilikuwa imelowa. Nilipoichomoa, Baba aliendelea kumenya chungwa. Hakushtuka hata kidogo, kaka. Aliniuliza tu kama ni ya kabureta, kwa sababu aliitafuta tangu asubuhi.

Nikamfunga kidonda. Nikamwambia twende hospitali, akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Nikasema nitamwambia Mama, akanitazama bila ukali wowote, nikashindwa. Laiti angenifokea ningemwambia Mama saa ile ile. Najua nimekosea kunyamaza, na najua kidonda hakingoji mimi nipate ujasiri. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, nami nimeshaamua kwamba kesho nikitoka kuitia barua hii kwenye sanduku la posta, nitakwenda moja kwa moja dukani anakofanya kazi Mama, kabla miguu yangu nayo haijakataa.

Sasa kuhusu swali lako la kwanza. Sikulipeleka. Lilikuja lenyewe, na sijui kama nililielewa.

Leo asubuhi, kabla ya misa, nilimkuta Baba anasugua kioo cha gari ambalo haliendi kokote. Bila kugeuka akaniuliza kama ni kweli lile cherehani la kaka yako lina usukani upande wa kulia, siyo kushoto kama magari ya watu. Nikamwambia ni kweli, huko wanaendesha hivyo. Akasugua. Akauliza basi anayekaa kushoto anafanya nini. Nikasema hafanyi kitu, Baba, ni abiria. Akauliza mbele ya huyo abiria kuna nini chini, kuna pedali? Nikasema hakuna pedali, kuna zulia tu. Akasugua pale pale palipokuwa pameshatakata. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na kioo, "Kwa hiyo mtu akiwa barabarani upande wa pili, anamwona nani kwanza?"

Nikasema, "Anamwona wa kushoto, Baba, pale anapokaa dereva wa huku."

Mama akatuita kwamba misa haingoji. Baba akakunja kitambaa, akaegemea gari ili asimame vizuri, na alipofika mlangoni akaniuliza jambo moja la mwisho. Sikujua jibu lake. Nilimwahidi nitakuuliza, naye akasema si lazima, usimsumbue, ana kazi nyingi. Kisha akarudi hatua moja akasema, lakini ukimwandikia.

Kaka, sijui kama hilo ni jibu la swali lako. Mimi si mtu wa kuwasemea watu wawili ambao hawasemezani, na nyinyi mmenifanya kuwa daraja wakati hata kijiti siwezi kuwa. Sina uwezo wa kumpa mguu, wala wa kulifuta neno ulilolisema. Ninachoweza ni kuandika alichouliza, kwa maneno yake mwenyewe, nawe ufanye utakavyoona.

Mama anakukumbusha uvae fulana ya ndani. Danny anasema gari likifika yeye ndiye wa kwanza kulipanda, mwambie asubiri. Wasalimie wenzako, hata waliocheka, maana hawakujua. Mungu akulinde juu ya maji na akurudishe nchi kavu.

Baba anauliza kama dirisha la kushoto linashuka mpaka chini.

Mdogo wako akupendaye,
Nayeli