Chumba Walichokipa Jina Lako

Dada Somoe,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, na hilo nalo linaniudhi. Wanao walikuchukua wakakuzika kwenu kisiwani Songo Songo, mimi nimebaki huku bara na maneno yamenijaa kifuani, sina pa kuyatua. Kaburini siwezi kuja kila nikikasirika, maana ningehamia huko kabisa. Kwa hiyo naandika.

Na kuna sababu nyingine. Siku hizi nikikasirika mbele za watu, watu wanaangaliana. Mwanamke mwingine akigombana na muuza samaki, wanasema ana mdomo. Mimi nikigombana na muuza samaki yuleyule, wanasema imeanza tena. Karatasi haitaniuliza kama nimekunywa dawa. Wewe pia hukuwahi kuniuliza kwa namna ile, kwa hiyo leo nitakasirika mpaka nichoke, na utanisikiliza.

Habari ya kwanza: chumba kimejengwa. Ndiyo, chumba chako. Kile ulichokidai pale kituo cha afya miaka mitatu mfululizo, wewe katibu wa chama chetu cha wagonjwa wa akili na ndugu zao, kila mkutano, mpaka wajumbe wakawa wanakohoa ukisimama. Nakukumbuka ulivyomwambia mganga mfawidhi: "Mwenye kisukari mnamfungia mlango mzungumze. Sisi wa akili mnatuuliza mambo yetu barazani, foleni nzima inasikia na muuza maandazi anasikia." Akacheka. Wewe hukucheka. Ulitaka chumba kidogo tu, chenye viti viwili, mtu akae na muuguzi aseme linalomsumbua bila mtaa mzima kujua.

Kimejengwa vizuri, sitasema uongo. Bati jipya, sakafu ya saruji, dirisha moja lenye nondo. Juu ya mlango wameandika kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: CHUMBA CHA BI SOMOE. Na komeo liko nje.

Rudia hapo, dada. Komeo liko nje. Kwa ndani hakuna hata kitasa.

Utauliza imekuwaje, na mimi nilikuwa wapi. Nilikuwepo. Baada ya arobaini yako, Mwalimu Mfaume aliitisha mkutano wa chama. Unamjua, si mtu mbaya. Amemuuguza mdogo wake tangu angali anafundisha, na kiti cha mwenyekiti alikikalia kwa kuombwa. Lakini mkutano aliuitisha Alhamisi asubuhi, siku ya kliniki, saa ileile sisi wenye ugonjwa tumepanga foleni ya sindano ya mwezi. Ndani wakakaa ndugu zetu peke yao. Mmoja akauliza, ugonjwa ukimpanda mtu tumweke wapi? Mwingine akasema, si kuna chumba kinajengwa? Ikapita. Chama kilichoanzishwa ili tusisemewe kikatusemea, na karatasi ikasainiwa kwa niaba yetu, ukuta mmoja tu kutoka pale tuliposimama na mikono ya nguo tumekunja.

Tulipomaliza sindano wakatuita tupige kura juu ya jambo moja lililobaki, chumba kiitwe jina lako. Nani angekataa? Nilinyoosha mkono. Ningenyoosha yote miwili kama kusingekuwa na pamba kwenye mmoja. Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Walikuvika kilemba cha ukoka na mimi ndiye niliyeshika upindo.

Wewe ungeuliza kwanza mlango unafungwa wapi. Ulikuwa mtu wa kuuliza. Siku ya kwanza kukuona, kaka yangu Bakari ndiye aliyenileta kliniki, mikono nimefungwa kwa kanga ya mama. Muuguzi akawa anamuuliza Bakari: analala? Anakula? Anapiga watu? Ulikuwa umekaa kwenye benchi na kadi yako, unakula muhogo wa kuchoma, hunijui sikujui. Ukasema na mdomo umejaa, "Si huyo hapo? Muulizeni mwenyewe." Muuguzi akakwambia, "Mama, na wewe mgonjwa, subiri zamu yako." Ukasema, "Mgonjwa ndiyo. Na nilipoulizwa nilijibu. Na yeye atajibu." Basi akaniuliza, shingo upande. Nikasema mikono inauma. Wiki nzima nilikuwa sijaulizwa kitu na mtu yeyote. Bakari mwenyewe alishtuka, akaanza kuifungua ile kanga huku machozi yanamtoka.

Hivyo ndivyo ulivyonifundisha. Ndiyo maana hili linalofuata linanichoma.

Siku uliyoumwa tumbo nilikupeleka hospitali mimi. Ulisema tumbo. Ulionyesha kwa kidole, hapa, kulia, chini. Daktari akafungua mkoba wako wa kadi, akaiona kadi ya kliniki yetu, akakuacha wewe akanitazama mimi. "Huwa anasumbuaje?" Na mimi, Hadija, niliyefunguliwa kanga kwa neno lako, nikajibu. Nikajibu! Nikasema hujalala siku mbili, nikasema unazungumza peke yako. Ulikuwa unasoma dua kwa maumivu, dada, na mimi nilijua ni dua. Lakini mtu mwenye koti jeupe ameniuliza mimi kwa heshima, kama mtu mzima mwenye akili zake, na nikaona raha. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Akaandika dawa ya usingizi tukarudi nyumbani. Siku ya tatu wakasema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka.

Watu wote wamenipa pole. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu, na ningependa angalau mmoja anilaumu.

Na wewe nimekukasirikia. Ulikuwa na mdomo kwa ajili ya kila mtu foleni ile, na siku yako ukanitazama tu ukanyamaza. Ungenitukana. Ungenipiga kofi mbele ya yule daktari. Ulikuwa umechoka, najua, jasho lilikuwa linakutiririka. Nimekukasirikia hivyohivyo.

Kwa hiyo nilipoliona lile komeo sikuweza kunyamaza tena. Nililiona siku tunafagia kwa ajili ya ufunguzi. Nikatoka na ufagio mkononi mpaka kwa Mwalimu Mfaume, nikamkuta anapeta ufuta uani. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda.

"Mwalimu, komeo la kile chumba limewekwa nje."

"Ni kwa usalama, mwanangu."

"Usalama wa nani?"

Akaweka ungo chini. Akanitazama kwa huruma, ile huruma unayoijua. "Hadija, lakini dawa unakunywa?"

Nilinyanyuka nikaondoka, maana jibu lolote ambalo ningetoa lingekuwa dalili. Alhamisi muuguzi akaniambia Mwalimu ana wasiwasi na mimi, akaandika kitu kwenye kadi yangu na hakunionyesha.

Siku ya ufunguzi tulivaa fulana zenye picha yako. Walichagua ile picha uliyonuna kwa sababu mpiga picha alikwambia utabasamu. Mgeni rasmi alikuja, viti vikapangwa, utepe ukafungwa mlangoni. Mwalimu akasimama kusoma hotuba. Sikuwa nimepanga kitu, naapa. Miguu ilinichukua, nikainama nikapita chini ya utepe, nikaingia nikakaa kwenye kiti. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, fungeni mlango. Mkimaliza hotuba mje mnifungulie, ndipo mniambie kama hiki ni chumba cha Somoe."

Bakari akanyanyuka. Nilidhani anakuja kunitoa. Kaka yangu akavuta mlango, akasukuma komeo. Hakuwa na hasira, alikuwa na aibu, palikuwa na wageni. Na hotuba ikaendelea! Nilisikia kila neno kupitia dirishani. Mtetezi wetu. Shujaa wetu. Sauti ya wasio na sauti. Wakakupigia makofi mengi na vigelegele, na mimi nimefungiwa ndani ya jina lako, nimekaa kwenye kiti ulichokiomba.

Aliyenifungulia ni Issa. Ndiyo, Issa wa Kilangala, yule mchoma mkaa ambaye miaka yote kwenye mikutano alikuwa anasema "nimekuja" basi. Alifungua katikati ya hotuba, akasimama mlangoni akasema, "Mimi nilishafungiwa. Mtu humo anajikojolea. Na nyie mnapiga makofi." Watu wakacheka. Mgeni rasmi naye akacheka, alidhani ni utani wa kwetu. Kisha akakata utepe.

Unajua kilichofuata. Wameniondoa kwenye kamati, "upumzike kidogo." Dawa wameniongezea, ulimi mzito na mkono unatetemeka nikishika kalamu, ndiyo maana mwandiko huu uko hivi. Bakari haniangalii usoni. Nilikwenda tena kwa Mwalimu kuomba komeo litoke, akasema kamati haijakaa. Chama chenye kazi ya kuuliza kinasubiri kikao ili kiulize.

Na wiki iliyopita wamemfungia mtu wa kwanza. Binti wa sekondari, mwenye sare. Aliletwa na mama yake asubuhi, akawa anapiga kelele, wakamwingiza. Mpaka adhana ya adhuhuri alikuwa humo. Mama yake alikaa chini, mgongo umeegemea mlango, jina lako juu ya kichwa chake. Nilimwuliza muuguzi kama kuna aliyezungumza na yule mtoto. Akasema, ataulizwa akitulia. Nikapiga magoti kwenye dirisha nikamwuliza mimi. Akasema ana kiu. Nikampitishia maji kwenye kikombe cha plastiki katikati ya nondo, akanywa, akaniomba kingine.

Usiku huo sikulala, na haikuwa dalili ya kitu chochote.

Komeo lenyewe limechomelewa kwenye bamba la chuma, siwezi kulitoa kwa mkono. Nilijaribu. Lakini rangi ni rangi. Jana, Alhamisi, foleni imejaa, nikaja na ndoo ya chokaa na brashi. Issa akanishikia stuli na ndoo. Muuguzi akatoka mbio. "Hadija, unafanya nini?" Nikamwambia namfuta Bi Somoe. Akauliza kama nina kichaa, kisha akashika mdomo kwa kuwa foleni nzima ilimsikia. Nikaendelea. Mkono ulitetemeka, chokaa ikanimwagikia kichwani na kwenye fulana yenye uso wako, lakini nilipitisha mara mbili, na mara ya tatu.  Mama mmoja alitoka kwenye foleni akanishikia ndoo Issa alipochoka.

Jumatatu nimeitwa ofisini kwa mganga mfawidhi nikajieleze. Wamesema nije na ndugu. Bakari ametuma ujumbe kwamba atakuja anizungumzie. Nimemjibu abaki shambani, ufuta wake unahitaji mtu. Issa anakuja, ila amesema yeye atakaa tu, kusema niseme mwenyewe. Tukitoka ofisini tutamfuata Mwalimu, mimi na Issa na wengine sita waliokuwa kwenye foleni jana, tukiitishe kikao wenyewe, siku isiyo ya sindano. Asipokuja tutakaa bila yeye.

Msamaha wa ile siku ya hospitali siuombi leo. Nitauomba nikiwa nimefanya kitu. Leo nimekufuta tu.

Mungu akulaze pema, dada yangu, na usinune kama kwenye ile picha. Siku komeo likitoka nitanunua rangi ya buluu na kupanda stuli, nikuandike mwenyewe kwa mkono wangu, hata kama utakuwa unatetemeka. Mpaka siku hiyo, mtu yeyote atakayefungiwa mle hatafungiwa kwa jina lako.

Mdogo wako,
Hadija