Kidole cha Mama Kerubo

Jumatatu, 3 Machi
Nimewasha mashine ya usajili wa bima saa mbili kamili. Waliosajiliwa, kumi na tisa. Waliokataliwa, wanne, wote wachumaji wa majani chai. Mashine ni msaada wa wafadhili wa ng'ambo. Inataka alama za kidole, na chai imezilamba. Mmoja wao ni Mama Kerubo, mjane, jirani yangu hapa Sironga. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa ng'ambo na wenzao wa hapa watapasua macho bure wiki ya tarehe 17. Asiyesajiliwa kufikia Ijumaa tarehe 14 hapasuliwi.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu vidole vyake vyote kumi. Ndimu. Mafuta ya kujipaka. Kitambaa cha maji moto. Bure. Nimempigia simu afisa wa mradi Nairobi. Anasema mashine inafanya kazi vizuri nchi nyingine zote. Nimemuuliza kama huko wanachuma chai.
Muuguzi wa zahanati anasema ngozi ya vidole hurudi ikipumzishwa. Siku kumi bila kuchuma. Mama Kerubo alikubali haraka mno.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemkuta shambani alfajiri, kikapu mgongoni, anachuma kwa kupapasa. Nilimfokea. Naona haya, ni rika la dada yangu mkubwa.
"Majani yakirefuka, kituo cha kununua chai watayakataa," alisema. "Nitakula kidole, tata?"
"Utaona tena, mama."
"Niione njaa vizuri?"
Nilichukua kikapu.

Jumapili, 9 Machi
Siku ya tatu ya kumchumia. Jana ilikuwa Sabato, tulipumzika. Mgongo unauma. Yeye huketi kando ya shamba akinisikiliza nikikwanyua.
"Majani mawili na chipukizi, karani! Unavuna mboga?"
Kituoni mwanamke mmoja alipaza sauti: "Karani ameolewa!" Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka.
Nimepekua shajara hii kutafuta mara ya mwisho nilipocheka mbele ya watu. Nimerudi nyuma hadi mazishi ya mke wangu. Sikupata.

Ijumaa, 14 Machi
Siku ya mwisho. Mama Kerubo alikuja amefunga kidole kwa leso safi, kama amebeba yai. Jaribio la kwanza, taa nyekundu. La pili, nyekundu. La tatu. Baada ya matano mashine humfungia mtu. Niliogopa.
La nne, kijani.
Wale wengine watatu walikataliwa tena. Nilifunga dirisha wakiwa bado wamesimama. Hakuna aliyewachumia.

Alhamisi, 20 Machi
Mama Kerubo amefunguliwa bandeji ya jicho la kwanza. La pili litapasuliwa hospitalini baadaye, kwa bima. Daktari, msichana mgeni, alimwonyesha vidole. Akavihesabu sawasawa. Kisha akanigeukia.
"Karani! Kumbe wewe ni mzee hivi? Sauti yako ilinidanganya."
Daktari aliuliza amesema nini. Nilimtafsiria. Alicheka mpaka akafuta macho yake mwenyewe.
Niliporudi nyumbani sikuwa na wa kumsimulia. Naandika hapa.

Jumatatu, 31 Machi
Mama Kerubo anajichumia tena. Nimemwona kutoka barabarani. Haraka, hapapasi. Alinipungia mkono. Sikuingia shambani, sina kazi huko. Lakini nilikuwa nimeamka saa kumi na moja na kuvaa gamboti. Nimezivua.
Ofisini nimeandika barua pepe kwa mradi. Majina matatu, na kazi wanayoifanya kwa mikono yao. Nimeomba njia nyingine ya kuwatambua. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana: wamepokea, wanashukuru.
Jioni, mvua ikianza, nimepita kwa Mzee Ondari, mmoja wa wale watatu. Nimemuuliza majani yake huchumwa siku gani, nije na gamboti zangu. Alinionyesha kiti. Tumekaa pale mlangoni mpaka mvua ikaisha.