Papa, Ulifundisha Watoto wa Wengine Kupiga Kasia

Papa,

Mvua ya kwanza imenyesha tangu tukuzike, na kaburi lako limedidimia kidogo upande wa miguu. Nimebeba udongo kwa beseni, nimejazia, nimeushindilia kwa miguu yangu mwenyewe. Waliopita njiani waliona binti anayempenda baba yake. Hawakujua kwamba nilikuwa nakanyaga kwa hasira.

Nikupe kwanza habari za nyumbani, maana ndivyo ulivyonifundisha, mtu hasemi yaliyomkaba kabla hajasalimia. Cherehani yako iko barazani palepale. Mimi ndiye ninayeshona sare za shule sasa, ingawa wateja wanapindua pindo, wanalitazama, wanatabasamu kwa huruma. Mjukuu wako Aline anaandika jina lake, ila herufi ya N anaigeuza. Wale watu wa Bukavu waliokuwa wakiuza mandazi mbele yetu, kesi yao ya kuhamishiwa ng'ambo ilipita, wamepanda ndege na watoto wote. Na kila anayekuja kutusalimia ananiambia kwamba ulikuwa mtu wa kweli. Hapo ndipo ninaposhindwa kuitikia.

Papa, uliniambia sisi na maji tulishaachana.

Nilikuwa mdogo tulipotoka Fizi, kule Kongo. Ninachokumbuka mimi ni kitenge ulichonifungia mgongoni kwako, baridi ya ziwa, na sauti ya Mama ikiita jina lako. Mengine ulinisimulia wewe. Kwamba mtumbwi ulijaa watu kupita kiasi, ukapinduka wakati Kigoma imeshaanza kuonekana. Kwamba Mama na mdogo wangu Elie, aliyekuwa bado ananyonya, hawakuonekana tena. Ulinisimulia tukiwa tumeshafika huku Malawi, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ukiwa umeinamia kitambaa, kisha ukafunga mlango. Nilipojaribu kuuliza tena ulisema, "Siye na maji tulishaachana, Riziki. Usinirudishe kule."

Nikakutii. Wasichana wenzangu walishuka mtoni kufua, mimi nilifulia bombani. Kwaya ilipoalikwa kwenda kuimba Salima, kule kwenye ziwa la Malawi, mimi ndiye niliyekuwa nianzishe wimbo, na wewe ulikataa, nikasimama barabarani nikitazama lori likiondoka na sauti za wenzangu. Na ubatizo, Papa. Wenzangu wote walizamishwa bwawani, wakatoka wamelowa chapachapa, wanaimba. Mimi Pasta alinimwagia maji ya beseni ndani ya kanisa kwa sababu ulimsihi. Waliniita Riziki wa Beseni mpaka nilipoolewa. Sikukulaumu. Nilijiambia, Papa ameona yake, mwache. Hata Baba Aline alipotaka kutupeleka siku moja tukaone ziwa, kabla hajaenda Afrika Kusini na kunyamaza huko, ni mimi niliyemkatalia. Nilimwambia maneno yako, kama yalivyo.

Na kila Jumamosi ulikuwa unaenda Lilongwe. Ulisema kuna duka la sare kule, wana kazi nyingi, wanakuhitaji. Ulitoka asubuhi na begi lako, unachukua kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kubwa, halafu minibasi. Ulirudi jioni umechoka, lakini uso umelainika, na Jumamosi njo siku pekee uliyokuwa unapiga mluzi ndani ya nyumba. Nilifua suruali zako zenye matope mpaka magotini, ukasema njia za mjini ni mbaya. Nilikuamini hata wakati wa kiangazi.

Siku ulipoanguka juu ya cherehani nilikuwa jikoni. Presha, walisema. Gari la wagonjwa lilikuja, lakini ulikuwa umeshaondoka, na mguu wako bado ulikuwa kwenye pedali.

Sasa nikuambie kilichotokea siku ya kilio chako, maana hukukiona.

Tulikuwa tumekaa chini kwenye mikeka, watu wanakula nsima na maharage, Pasta yuko kwenye kiti karibu na mlango. Pikapu ikaingia uani. Akashuka mama mmoja Mmalawi na mume wake na watoto, kisha watu wengine nyuma, familia nzima nzima, watu nisiowajua. Yule mama akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akasema pepani, pepani, yaani pole kwa Kichewa, na alikuwa analia kilio cha mtu aliyefiwa. Jina lake Mayi Tadala, yaani mama wa Tadala. Nikadhani ni mwenye duka la sare.

Akaomba aseme neno. Alisema kwa Kichewa, na jirani yetu Mama Divine akawa anatafsiri kwa wasioelewa. Alisema wanaishi shambani, mbele ya Likuni, nje kidogo ya Lilongwe, na shamba lao lina bwawa. Wazungu fulani waliokuwa wanarudi kwao waliwaachia kayaki mbili, zile boti nyembamba za plastiki, nao hawakujua la kuzifanyia. Wewe ulikuwa umekwenda kwao kushona mapazia. Ukawaona, yeye na mumewe na mtoto wao mkubwa aliyekuwa mdogo wakati ule, wamejibana ndani ya kayaki moja, wanashikilia kingo, wanayumba, wanakaribia kupinduka. Ukaacha mkasi. Ukaingia majini na suruali yako na viatu.

Tangu siku hiyo, alisema, ulikuwa mwalimu wao. Mphunzitsi, ndivyo walivyokuita wote. Alisema ulikuwa unafundisha familia nzima pamoja, si mtoto peke yake, maana mtoto akijua na mama asijue, siku ya hatari mama ndiye atakayempindua. Alisema somo lako la kwanza lilikuwa kuanguka. Kabla ya kumpa mtu kasia ulimtaka atoke kwenye boti, aingie majini, arudi, mpaka aache kuogopa kuanguka. Alisema ulisimama majini nyuma ya boti, umeshika, unaongea nao taratibu, mpaka wanasahau kwamba ulishaachia. Baadaye ulichonga mtumbwi mpana wa mbao, wenye kiti kidogo katikati cha mtoto, na watu wakaanza kuja kutoka Likuni, kutoka Mitundu, na kutoka Dzaleka.

Kutoka Dzaleka, Papa. Mama Divine alitafsiri hilo huku akitazama mkeka. Akanitazama. Nikaelewa kwamba na yeye ni mmoja wao, yeye ninayegawana naye ukuta na chumvi.

Watoto wa yule mama walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja wakikumbuka vichekesho vyako vya majini. Sikujua una vichekesho.

Watu walipotawanyika nilimfuata Pasta. Nilimuuliza kama alijua. Akasema alijua, ulimwomba asiseme. Nikamwambia, "Ulinimwagia maji ya beseni, na Papa iko bwawani kila Jumamosi?"

Akasema, "Mwanangu, baba yako njo aliniomba. Siri haikuwa yangu."

Sijarudi kwenye lile kanisa. Naimba nyumbani nikishona. Na Mama Divine alikuja na uji, nikaupokea, lakini hatukukaa. Alisema, "Nilidhani unajua na hutaki." Labda ni kweli. Mimi nahesabu watu waliokujua, Papa, na nashindwa kujiweka kwenye hesabu hiyo.

Nilikaa muda bila kwenda kule. Mayi Tadala alipiga simu, akapiga tena. Mwisho nikamwacha Aline kwa Mama Divine, maana hata ukikasirika na jirani mtoto lazima alale pahali, nikaenda.

Bwawa lenyewe si kubwa. Maji ya rangi ya chai, matete upande mmoja, ng'ombe wanakunywa upande wa pili. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kitu cha kutisha, au kizuri sana, kitu cha kustahili uongo wa miaka yote hiyo.

Wakanifungulia kibanda. Mtumbwi wako nilijua ni wako kabla hawajasema. Halafu nikaona majaketi ya kuelea yametundikwa kwenye misumari. Ulikuwa umeyashona mwenyewe, sponji ndani, juu kitambaa cha sare, kila mshono umerudishwa nyuma mwishoni kama ulivyonifundisha. Madogo kabisa yalikuwa na majina ya watoto kwa uzi mwekundu. Tadala. Blessings. Divine. Nikayapindua moja baada ya jingine. Nilijua ninatafuta nini, na nilijua silipati. La Aline halikuwepo. Mjukuu wako mmoja tu, anayelala kwa nyimbo zako, hukumkatia hata kitambaa.

Nilikaa chini ndani ya kile kibanda, Papa, na nilisema maneno ambayo sitayaandika.

Mayi Tadala akakaa karibu nami. Hakunibembeleza. Alisema hata yeye alikuuliza, zaidi ya safari moja, kwa nini humleti binti yako. Ukamjibu hivi, na aliyasema kwa Kichewa chako kibovu mpaka nikakusikia: "Mtoto wa mwenzangu akianguka, mikono yangu inafanya kazi. Wangu akianguka, itakufa. Ilishakufa siku moja."

Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuwahi kuniambia. Kwamba siku ile ziwani Mama alikuwa karibu na wewe. Kwamba ulikuwa umeshika ukingo wa mtumbwi uliopinduka, mimi nikiwa mgongoni, na mkono wako ulikataa kuachia ukingo ili umfikie. Alikuita, ukamwona, mkono ukakataa.

Papa. Kile kilio cha Mama ninachokisikia mpaka leo, mwenzangu wa kukisikia alikuwa anaketi nami meza moja. Nilikuwa mgongoni kwako. Kama kuna mtu duniani aliyestahili kujua kwa nini mkono wako haukuachia, si mimi? Ulikuwa umenibeba. Ningekuambia mwenyewe, hata nikiwa mtoto ningekuambia, kwamba ungeachia tungekufa wote. Ulimpa mwanamke wa Likuni maumivu yako, mimi ukanipa marufuku. Ulimwamini mgeni kwa kitu kilichokuwa changu.

Watu wananiambia ulikuwa unanilinda. Sawa. Lakini mtu anayelindwa hivyo anaishi na baba nusu, na nusu nzuri inakwenda mjini Jumamosi.

Sikurudi nyumbani siku ile bila kuingia. Nilimwambia Mayi Tadala anifundishe. Alinivalisha jaketi la mtu mzima, akaingia majini na chitenje chake kiunoni, akanishikia kayaki kwa nyuma. Nikaanza kwa kuanguka, kama sheria yako. Maji yaliingia puani na masikioni, na kwa kitambo nilikuwa tena kwenye kile kitenge. Nilipoibuka nilikuwa napiga kelele, si kwa hofu. Yule mama alinisubiri nimalize, akasema, "Rudi ndani ya boti." Akanitaka nitoe mikono kwenye kingo, nilishike kasia, nitazame ng'ambo nisitazame maji. Maneno yako yote. Nilitaka yasifanye kazi. Yalifanya kazi. Kayaki ikaenda mbele, imenyooka, na nikakuchukia kidogo kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nimekuwa nikienda tangu hapo. Familia hazikuacha kuja kwa sababu umekufa, na Mayi Tadala peke yake hawezi. Majuzi walikuja watu wa kwetu, mume na mke wa Uvira na mabinti wawili. Yule baba amefunga miwani yake kwa kamba, na alikuwa ameshika ukingo mpaka vidole vimebadilika rangi. Aliniambia kwa sauti ya chini, mkewe asisikie, kwamba na wao walivuka lile ziwa. Sikumwambia aachie. Nilimwambia mimi nilivuka pia, na nani hakufika. Nikamwambia naogopa mpaka leo, kila ninapoingia. Mkewe akageuka, akasikia, wote wakasikia. Akaachia mkono mmoja. Baadaye akaachia wa pili. Nikajua hapo kwamba kuna somo moja wewe hukulifundisha kamwe, na si kwamba hukulijua.

Jana Aline aliuliza kama Koko, yaani wewe babu yake, alijua kuogelea. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kwa nini hukutufundisha. Nilikuwa na majibu mengi mepesi, ya kukutetea. Nikamketisha barazani nikamsimulia yote, ziwa, Mama yangu, mdogo wangu, mkono wako, bwawa. Kwa maneno ya umri wake, lakini yote. Alisikiliza, akauliza Elie alikuwa na nywele za namna gani. Sikujua. Hilo nalo umeondoka nalo.

Jumamosi anaingia majini. Nimemkatia jaketi, sijamaliza upande wa shingo. Nitatetemeka, na yeye ataona ninatetemeka, na sitamficha.

Lala, Papa. Siwezi kukuambia lala kwa amani, bado, ningekuwa nakudanganya na mmoja wetu alishadanganya vya kutosha. Nitaendelea kujazia udongo kila mvua. Nitaendelea kukasirika pia, na kukupenda, vyote viwili, mpaka kimoja kichoke. Ila nakuahidi hili: mtoto wangu hatakuja kujua mimi ni nani kwa midomo ya wageni, siku ya kilio changu. Atakuwa ananijua.

Mimi binti yako,
Riziki